Panya wa Ukutani kwa Mzee Wembe

Benchi la Mzee Wembe lilichongwa kwa ajili ya watu watano, lakini kwa miaka miwili sasa watatu walikuwa wakibanana upande mmoja kama kuku wanaokwepa mvua, mwenye benchi akikaa upande wa pili peke yake, na katikati pamebaki nafasi ya mtu mzima na mkewe. Lilikuwa mbele ya duka lake la kunyolea, chini ya bati lililochomoza, kando ya mtaro uliofunikwa kwa vipande vya zege. Ubao wake ulikuwa umeng'arishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Kahawa ililetwa na mzee mfupi aliyeitwa Birika, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya maneno mawili: "moto" anapomimina, na "imeisha" anapoondoka. Asubuhi hiyo ile nafasi ya katikati haikuwa tupu. Palilala nyundo na tindo.

— Leo ndiyo leo, alisema Mzee Wembe. — Navunja ukuta, nimtoe huyo panya.

Spika, fundi redio, alitazama kahawa yake. Dalali wa vyumba alitazama viatu vyake. Digrii, ambaye jina lake linajieleza na hali yake inaeleza zaidi, alitazama simu yake isiyokuwa na chaji.

Tuliseme mapema tusije tukazungushana: mdomo wa Mzee Wembe ulikuwa unanuka. Haukunuka kama wa mtu aliyeamka sasa hivi, ule ambao maji na mswaki vinauweza. Ulinuka kama kitu kilichokufa kikasahauliwa. Mtaa mzima ulijua. Asiyejua ni mmoja tu, yule aliyekuwa akitembea nao, kwa sababu pua na mdomo ni majirani wa ukuta mmoja, na majirani wa siku nyingi huvumiliana.

Na yule panya je? Panya alizaliwa na adabu. Siku moja Mzee Wembe alikuwa akisimulia kisa, akamwinamia Dalali ili amalizie kipande kitamu sikioni mwake, Dalali akaruka kama aliyeguswa na umeme. Akaulizwa, vipi? Sasa, Dalali ni mtu aliyeishi maisha yake yote kwa kupangisha vyumba vinavyovuja na kuviita vyumba vyenye hewa. Uongo kwake hauna haja ya kupiga hodi. Akasema, mzee, nadhani kuna panya kafia darini kwako. Wenzake wakaudaka uongo huo kama watu waliotupiwa kamba mtoni. Panya, ndiyo. Hata sisi tulikuwa tunasema. Na ni mkubwa.

Watu wenye adabu ni hatari kuliko wenye matusi. Mwenye matusi angesema siku ileile, mzee angenuna wiki moja, yakaisha. Wenye adabu walimwacha abandue mbao tatu za dari, ambako hakukuta kitu ila vumbi na popo aliyekasirika. Walimwacha asugue mtaro kwa klorini mpaka majirani wakalia machozi. Walimwacha achome aproni mbili. Kila alipomaliza alikuja kuwauliza, sasa je, huku amewasogelea uso kwa uso, na kila mara walirudi nyuma wakasema panya kahama. Panya alitoka darini akaenda mtaroni, akatoka mtaroni akaenda nyuma ya kabati, na wiki iliyopita Spika, kwa kukosa pengine pa kumpeleka, akamwingiza ukutani.

Ukuta wa kulia. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

Ukuta ule ulichorwa na marehemu mkewe wiki waliyofungua duka. Vichwa kumi na viwili kwa rangi ya mafuta, kila kimoja na mtindo wake: kipara, denge, panki, cha kuchongwa pembeni, na cha nane kilichokuwa na mtindo wa kubuni ambao mama yule alisema atautafutia jina baadaye. Hakuwahi kuutafutia. Hakuwa mchoraji, alikuwa mshona mashuka, na vichwa vyote kumi na viwili aliviwekea pua moja, pua ya mumewe, kwa kuwa ndiyo pua pekee aliyoizoea mkono wake. Wateja walikuwa wakicheka. Mzee, ukutani humu mmejaa wewe. Sasa kati ya kichwa cha saba na cha nane palikuwa na alama ya chaki, mahali ambapo Spika alisema panya analala.

— Mzee, alianza Dalali kwa sauti anayotumia kuwaaga wapangaji, — ukuta hauna miguu. Upo leo, upo kesho. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe huna ufa. Unavunja kwa nini?

— Wahenga hawakuwa na panya.

— Walikuwa naye. Walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Basi huyu nampa nyundo. Ana mwaka wa pili.

Birika akamimina. "Moto," alisema. Vikombe vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa na uzi mwekundu umefungwa kwenye sikio. Hicho kilikuwa cha Mzee Wembe. Kilisuuzwa kwenye kopo lake peke yake, si kwenye ndoo ya wote. Mwanzoni alipokiona, uso ulimchangamka, akamsimulia bintiye kwenye simu: siku hizi kijiweni nina kikombe changu, wamenitenga. Alimaanisha wamemtukuza. Neno lilijua zaidi ya msemaji.

Spika, ambaye hakuitwa hivyo kwa sababu ya redio bali kwa sababu hana kitufe cha kupunguzia sauti, aliona mjadala unaelekea ukutani akakata kona.

— Mimi nashangaa jambo moja. Mzoga unanuka wiki, unanuka tatu, unakauka. Huyu miaka miwili. Kwa hiyo si mmoja. Ni ukoo. Babu anakufa, baba anashika zamu, mtoto anamrithi baba. Wanapokezana kama walinzi wa benki.

— Na ukivunja hapo, akadakia Dalali, — wanahamia kwa jirani, halafu kesi inakuwa yako.

— Hakuna cha ukoo, alisema Digrii. — Let's be serious, wazee. Chumba hiki kina mlango mmoja na dirisha la ukubwa wa sahani. Cross-ventilation ni zero. Harufu inaingia kutoka mtaa wa nyuma, inakosa pa kutokea, ina-accumulate. Hili ni suala la mipango miji. Watu wamesomea kupanga miji, wako kwenye mabenchi wanakunywa kahawa ya mkopo. Waliopanga hiyo miji hata ramani wanaishika kichwa chini. System imeoza, ndiyo inanuka. Panya mnamwonea.

Alisema kwa hasira kweli, kwa sababu hasira hiyo alikuwa nayo tayari na ilihitaji tu pa kumwagwa. Miaka mitatu amehitimu. Maombi ya kazi sabini na moja. Shahada yake, na hili lishikwe vizuri, ilikuwa ya afya ya jamii.

— Sasa nisikilizeni mimi, alisema Spika. — Saruji ina mchanga. Vipuri vya redio asili yake mchanga. Kumbe ukuta unaweza kurekodi. Harufu ya mwaka juzi imenaswa mle, jua likipiga inarudiwa. Hata mkivunja hamtakuta kitu, mtakuta marudio.

— Au ni mkataba, alisema Dalali, ambaye hakubali kupitwa. — Aliyepanga kabla ya mzee alikuwa akiuza ngozi mbichi. Mtu alihama, harufu haikupewa notisi. Kisheria bado ni mpangaji.

Wakacheka. Mzee Wembe naye akacheka, mdomo wazi, na upepo ulikuwa wa upande wake. Kicheko cha wenzake kikakatika katikati, kila mmoja akageukia barabarani kana kwamba kuna gari analolijua.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akaropoka Dalali, na akajuta hapohapo. Spika akakohoa. Digrii akamkanyaga mguu. — Yaani aproni. Namaanisha aproni ile ya tatu.

Mzee Wembe hakuwa akisikiliza. Wakati wote huo alikuwa akifanya kitu anachofanya kinyozi yeyote akikaa kando ya watu: kusoma shingo zao. Shingo ya Spika ilikuwa na siku tano tangu inyolewe. Ya Dalali ilikuwa na wiki moja, na imekwanguliwa na wembe butu. Ya Digrii ilikuwa ya juzi Alhamisi, mstari wake umepinda kushoto, na kinyozi anayepinda kushoto katika mtaa huu ni mmoja, yule mshoto wa karibu na soko. Alikuwa akiziona kazi za mikono ya wengine juu ya shingo za watu wake kila wiki, wakija kukaa kwenye benchi lake na vichwa vilivyonyolewa kwingine. Hakuwahi kusema. Mwanamke akimwona mumewe na kifungo kilichoshonwa kwa uzi usio wa nyumbani, atauliza. Kinyozi anaanzaje?

— Mmependeza, alisema.

Watatu wale wakashika shingo zao kwa pamoja, kama waliopuliziwa filimbi.

— Siwalaumu, akaendelea. — Nani atakaa kwenye kiti akinuswa na mzoga? Hata mimi nisingekaa. Ndiyo maana leo namtoa. Akitoka, mtarudi.

Yaani hayo ndiyo aliyokuwa akiyataka kwa nyundo ile. Mtu akae kwenye kiti, ainamishe kichwa, aulize habari za binti, alalamike kwamba masikio yake ni makubwa. Kwa mtu anayelala chumba cha nyuma ya duka peke yake, wateja walikuwa ndio watu pekee walioufikia mkono wake. Juzijuzi siku tatu zilipita bila kumgusa mtu.

Mkewe alipokuwa hai, mambo ya mwili wa Mzee Wembe hayakuwa kazi yake mwenyewe. Alfajiri mama yule alikuwa akiamka kwanza. Zikiwepo siku ambazo mdomo wa mumewe umeamka vibaya, hakusema neno. Alichukua mswaki, akaupaka dawa, akaupitisha juu ya bega la mume kwa nyuma kama karani anayepitisha faili, na mume akaupokea bila kugeuka. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Miaka ishirini na sita. Alipofariki, Mzee Wembe aligundua vitu vingi ambavyo havipo tena, lakini hilo la mswaki hakuligundua, maana kitu kisichokuwa na sauti kikiondoka hakiachi kimya. Bintiye alipiga simu kila Jumapili kutoka mbali, akamuuliza kama anakula, kama analala. Ni mtoto mwema. Lakini simu haina pua.

Akasimama, akachukua nyundo na tindo.

— Nani atanishikia tindo?

Mtu asiyewahi kuvunja ukuta wa tofali hajui uzito wa swali hilo. Anayeshika tindo na anayepiga nyundo husimama uso kwa uso, karibu kama wanaocheza dansi, na wa nyundo anahema. Dalali akakumbuka bega lake. Spika akakumbuka redio ya mtu aliyesafiri. Digrii akasema ana interview saa nne, na akaitazama simu yake iliyokufa kama uthibitisho.

— Haya, alisema Mzee Wembe, akaingia ndani peke yake.

Pigo la kwanza lilikuwa dogo, la kupima. La pili likatoa vumbi. La tatu likang'oa kipande cha lipu na sikio la kichwa cha nane. Kila baada ya pigo alinyamaza kidogo, na katika ukimya huo alisikia nje sauti za watu wanaogombana chinichini, akadhani wanagombania kahawa. Angenyamaza zaidi kidogo angeyasikia maneno yenyewe.

— Mwambie, alisema Dalali.

— Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemzaa panya.

— Mimi nilimweka darini. Aliyemwingiza ukutani ni nani?

— Mwambie wewe Digrii. Ndiyo kazi yako hiyo. Afya ya jamii. Sisi jamii ndiyo hii.

— Sijaajiriwa kuwaambia watu, alisema Digrii. — Nimeomba hiyo kazi mara sabini na moja.

Ndani, pigo la nne.

Hapo ndipo pikipiki ilipokuja ikisukumwa. Aliyeisukuma alikuwa mwanamume mwenye buti za mpira zenye matope makavu na koti lililopoteza rangi, gurudumu la nyuma limelala chini. Akaiacha kwa fundi wa pancha ng'ambo ya barabara, akaambiwa nusu saa, akavuka. Akawasalimu wa benchi, wakaitikia. Akauliza kama humu wananyoa ndevu au wanabomoa. Bila kungoja jibu akaingia, akakaa kwenye kiti.

Mzee Wembe aliweka nyundo chini taratibu. Akanawa mikono mara mbili. Akatoa aproni safi, akamfunga mgeni shingoni, na vidole vyake vilichelewa kidogo kwenye fundo, kama mtu anayepokelewa mkono baada ya kuunyosha muda mrefu.

Nje, watatu walikuwa wamegeuka kutazama mlangoni. Walijua kitakachofuata. Kinyozi atainama, mgeni atashtuka, ataomba maji, ataondoka na nusu ya ndevu. Lilishatokea.

Kinyozi akainama. Mgeni hakushtuka. Alivuta pumzi kwa pua, akatulia, akavuta tena, kama mtu anayepima maziwa kama yameganda.

— Jino lipi? akauliza.

— Jino gani?

— Linalokusumbua.

Mzee Wembe akasema hana jino linalomsumbua. Kisha akasema lipo, lakini haliumi. Kisha akasema linauma kidogo, na kwa kuwa ilikuwa miaka minne tangu mtu amuulize swali lolote kuhusu mwili wake na kungoja jibu, yakaanza kumtoka kama maji ya bomba lililokuwa na hewa. Ni upande wa kushoto, chini. Mawili yanacheza. Shavu lilivimba kipindi cha mvua, likapasuka lenyewe usiku, akatema kitu kichungu. Fizi zinatoka damu. Akipiga mswaki, maji ya kusuuzia yanakuwa mekundu, kwa hiyo upande huo ameacha kuusugua, mwaka wa pili sasa, ili kidonda kipone. Anatafuna kwa kulia. Anaweka karafuu. Anamumunya peremende.

— Na harufu?

— Hiyo ni panya. Yumo humo ukutani.

Mgeni aligeuza kichwa. Akaitazama nyundo, vumbi la lipu sakafuni, vichwa kumi na viwili vyenye pua moja, na kile kimoja kisichokuwa na sikio.

— Hakuna panya, mzee wangu. Ni mdomo wako.

Alisema hivyo kama unavyomwambia mtu kwamba kifungo chake cha shati kimefunguka. Hakukunja uso wala hakuomba radhi.

— Mimi ni daktari wa mifugo, akaendelea. — Ng'ombe akiwa na harufu hii namfungua mdomo. Yeye hana rafiki wa kumwambia ni panya. Hebu.

Akawasha tochi ya simu. Mzee Wembe, aliyeshika videvu vya watu kwa miaka thelathini, kwa mara ya kwanza alishikwa chake. Mgeni akatazama muda mrefu. Alisema ukoga umeganda kwenye shina la meno mgumu kama chokaa ndani ya birika, fizi zimejitenga na meno, na huko chini mna usaha. Peremende, alisema, ni kupulizia marashi kwenye zizi. Damu haikutoka kwa sababu ya mswaki, ilitoka kwa sababu mahali pale pana ugonjwa, na alipoacha kupasafisha aliupa ugonjwa kitanda. Apasafishe, taratibu, na ulimi pia. Lakini mswaki pekee hautoshi tena.

— Mimi ni wa ng'ombe, usije ukasema nimekutibu. Kesho nenda kwa daktari wa meno. Kesho, si mwisho wa mwezi. Shavu likivimba tena, au ukipata homa, usingoje hata kesho. Na uwaambie wakupime sukari, maana mwenye sukari fizi humwisha haraka.

Mzee Wembe alikuwa bado amefungua mdomo. Akaufunga.

— Mpaka ifike hapa, aliuliza, akiwa amegeuzia uso pembeni, — huchukua muda gani?

— Haiji kwa wiki. Ni miaka.

Alikamilisha zile ndevu. Mkono wake ulikwisha kuisoma kazi hiyo. Lakini huku akinyoa alikuwa akirudi nyuma, kitu kwa kitu: ile nafasi ya katikati ya benchi. Uzi mwekundu. Kopo la kusuuzia. Bega la Dalali, redio ya Spika. Shingo zote zile. Na wateja waliokuwa wakitulia kabisa chini ya mikono yake, vifua havipandi wala havishuki, naye akawa anajisifu moyoni kwamba watu wanaheshimu wembe wake.

Mgeni akalipa, akatoka, akakaa pale katikati, palipokuwa na nyundo, akaomba kahawa. Akawatazama wale watatu.

— Nyinyi ni rafiki zake?

— Rafiki? alisema Spika. — Sisi ni ndugu kabisa. Kila siku tupo hapa.

— Mmekaa naye hapa muda gani?

Lilikuwa swali la hesabu tu. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Spika alifungua mdomo, ukatoka hewa. Dalali alianza, "Wahenga wali...", akasimama hapo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake wahenga hawakumwongezea kitu. Digrii alikuwa akihesabu vipande vya zege vya mtaroni, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kutoka kulia kwenda kushoto. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Wembe na taulo mkononi, na yeye pia alikuwa akingoja jibu.

Birika akakitikisa chombo chake, akakiinamisha. Tone moja.

— Imeisha, alisema.

Fundi wa pancha akaita, mgeni akaenda. Spika akakumbuka tena ile redio. Dalali akaondoka bila kuaga, akarudi, akakichukua kile kikombe chenye uzi mwekundu kilichosahauliwa benchini, akaufungua uzi kwa meno, akautia mfukoni. Hakujua akifanyie nini kikombe. Akakiweka palepale, akaondoka tena.

Ndani, Mzee Wembe alipiga magoti akaokota vipande vya lipu kimoja kimoja. Sikio la kichwa cha nane lilikuwa limevunjika vipande vitatu. Akaviweka juu ya meza, mbele ya kioo, akavipanga vikakaribia kufanana na sikio. Kisha akakisogelea kile kioo ambacho kwa miaka thelathini alikitumia kuwaonyesha wengine visogo vyao, akafungua mdomo. Akatazama. Nyuma yake, pua kumi na mbili zilikuwa zikimtazama, na hakuna hata moja iliyompitishia mswaki juu ya bega.

— Mzee.

Alikuwa Digrii, mlangoni. Hakuwa na interview, jambo ambalo wote wawili walilijua. Akapita mbele ya nyundo, akakaa kwenye kiti, akajifunga aproni mwenyewe, vibaya.

— Nirekebishie nyuma. Yule mshoto kanipinda.

Mzee Wembe alichukua mashine, hakuiwasha.

— Mimi nilijua, mzee, alisema Digrii kwenye kioo. — Hata mtihani wa magonjwa ya kinywa niliufanya. Nilipata A.

— Najua ulijua. Umesoma.

Hasira zote za yule kijana, zile za serikali, za mabosi, za barua sabini na moja, zilitafuta pa kwenda, na kwa mara ya kwanza hazikupata mtu mwingine. Akainamisha kichwa. Mashine ikawaka. Mzee Wembe akaanza pale penye mstari uliopinda, akaunyoosha kidogo kidogo, akiwa karibu kama kazi inavyotaka, akatupa jicho kwenye kioo.

Kifua cha kijana kilikuwa kimetulia tuli. Mishipa ya shingo imesimama. Macho yamefumbwa, na midomo imebanwa kwa nguvu ya mtu aliyeapa kwamba safari hii atavumilia.

Mzee Wembe akazima mashine. Akarudi nyuma hatua mbili, tatu, mpaka mgongo ukagusa ukuta wenye vichwa. Akajifunga taulo mdomoni, akakaza fundo nyuma ya kisogo.

— Pumua, mwanangu, alisema. — Nimeshasogea.